Nyuzi za Besi na Mikono ya Muuza Chipsi



Juma hili tumeombwa na wanakwaya watatu, kila mmoja kwa wakati wake, tuandike juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina nafasi katika ukurasa huu: namna ya kutunza nyuzi za gitaa la besi ili mlio wake usifubae mapema. Wawili kati yao ni wapiga besi wa vigango vyetu. Wa tatu ni mhazini wa kwaya, na sababu yake ya kuuliza tunaielewa vizuri sana. Tulisita kidogo, kwa kuwa wengi wenu hufika hapa mkitafuta tafakari ya Dominika. Hiyo itafuata siku ya Ijumaa kama ilivyo desturi. Tumekubali kuandika kwa sababu nyuzi hizi zimetugharimu zaidi ya fedha, na kwa sababu kosa kubwa katika kisa tutakachosimulia tulilitenda sisi wenyewe, paroko wenu.

Tuanze na usiku wa tarehe 8 Aprili 2023, Mkesha wa Pasaka. Mliokuwepo mnakumbuka mvua ya masika iliyotukaribisha tulipokuwa tukiubariki moto nje ya kanisa. Ilipofika saa ya Utukufu kengele zikalia, taa zote zikawashwa, kinanda kikaanza, ngoma zikafuata. Hapo gitaa la besi, lililokuwa limelala ndani ya boksi lake sakristiani tangu Jumatano ya Majivu, tarehe 22 Februari, likapigwa kwa mara ya kwanza baada ya siku 45. Kilichotoka hakikuwa sauti ya muziki. Kilikuwa kishindo kisicho na noti, mfano wa mtu anayepiga godoro kwa ngumi katika chumba cha jirani. Waimbaji wetu wa sauti ya nne husimama nyuma, karibu na amplifaya ya besi na mbali na spika ya kinanda. Wamezoea kuishika sauti yao kutoka katika gitaa hilo. Kabla Utukufu haujafika katikati walikuwa wameshuka karibu nusu noti, na kwaya nzima ikawa inavutwa huku na huku kama jahazi lililokatika nanga.

Baada ya Misa tulimwita mpiga besi sakristiani. Ni kijana ambaye hatutamtaja, ingawa wanaparokia wote wanamjua. Tulimwambia, mbele ya watumishi wa altare na mbele ya mwalimu wa kwaya, kwamba ametuaibisha katika usiku mkuu kupita yote ya mwaka, na kwamba mtu asiyejali chombo cha kanisa hafai kukishika. Akajibu maneno mawili tu: “Sawa, Padri.” Akalifuta gitaa kwa kitambaa, akalilaza ndani ya boksi, akatoka. Jumatano ya mazoezi hakuonekana. Dominika iliyofuata hakuonekana.

Kuna jambo ambalo watumishi wale wa altare hawakulijua. Mwezi Januari wa mwaka ule ule kijana huyo alikuwa amekuja ofisini kwetu kuomba nyuzi mpya.

“Zimekatika?” tukamwuliza.

“Hapana, Padri. Zimekufa.”

“Uzi ambao haujakatika umekufaje?”

Akajaribu kueleza, nasi hatukumsikiliza hadi mwisho, kwa sababu tulijiona wajuzi. Tulipokuwa tukisoma falsafa katika Seminari Kuu ya Kibosho, sisi ndio tuliopiga besi katika kwaya ya mafrateri, na tulikumbuka vema kwamba seti moja ya nyuzi ilitutosha mwaka mzima na zaidi. Tukamwambia hivyo. Tukamwambia pia kwamba fedha za parokia si maji ya kisima. Yeye akashukuru, akaenda zake. Mwezi mmoja baadaye, Kwaresima ilipoingia, tukatoa agizo jingine. Mwongozo wa Misale ya Kirumi unaruhusu ala za muziki wakati wa Kwaresima kwa ajili ya kutegemeza uimbaji tu. Sisi tukazidisha, tukaagiza gitaa la besi lifungiwe kabisa na boksi lisifunguliwe hadi Pasaka. Sakristani wetu, ambaye ni mtu wa kutii neno kama lilivyosemwa, akalitii.

Jumanne ya Oktava ya Pasaka, jioni, tulitembea hadi kibandani kwa kijana yule. Yeye ni muuza chipsi. Tulimkuta amesimama mbele ya karai la mafuta, mkono mmoja ukigeuza viazi, mwingine ukinyunyiza chumvi, na jasho likimtiririka usoni kwa joto la jiko. Tulipoitazama mikono ile, tunakiri, nusu ya jibu tulikuwa tumeipata kabla hatujaketi.

“Padri,” alisema, “mimi natoka hapa saa kumi na moja na nusu, mazoezi saa kumi na mbili. Nanawa, lakini mafuta haya hayatoki kwa maji matupu. Na jasho langu lenyewe ni kali. Kaka yangu aliniletea saa ya mkononi yenye mkanda wa chuma, miezi mitatu ikashika kutu. Mwezi wa kwanza nilipokuja kwako nilikuwa nimeshazisikia kwa vidole, zilikuwa zinakwaruza. Halafu zikafungiwa na uchafu wake wakati wa mvua. Nilimwomba sakristani anifungulie nizifute tu, nisipige. Akasema Padri amekataza boksi lisifunguliwe.”

Tulimwomba radhi pale pale, mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri mishikaki. Hakusema atarudi. Alisema atafikiri, kisha akatufungia chipsi kwenye karatasi na akakataa fedha yetu, jambo lililotuuma kuliko kama angetulaumu.

Sasa tueleze alichokuwa akijua kijana yule nasi tusikijue, maana wengi huuliza kama sisi tulivyouliza: uzi ambao haujakatika umekufaje?

Uzi wa besi si waya mmoja. Katikati yake kuna kiini cha chuma cha pua, na juu ya kiini kumezungushwa waya mwingine, aghalabu wa chuma cha pua kilichopakwa nikeli, au wa chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Waya huo huzungushwa ili uzi uwe mzito pasipo kuwa mgumu kama nondo. Uzito ndio unaoshusha sauti, na ulaini ndio unaouwezesha kutikisika vizuri. Waya wa juu ukiwa wa mviringo, kati ya mzunguko mmoja na mwingine hubaki mfereji mwembamba. Katika mifereji hiyo huingia jasho, mafuta ya ngozi, chembe za ngozi iliyokufa na vumbi. Jasho hukauka, chumvi yake ikabaki. Na kama kila mama wa nyumbani wa pwani anavyojua kutokana na kikopo chake cha chumvi, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Hivyo uzi ulioachwa mchafu hauachi kuharibika pale mpigaji anapoondoka. Huendelea kuliwa usiku na mchana, hata ndani ya boksi. Kwa Kwaresima yetu ya mwaka 2023 tuliupa uchafu ule siku 45 za kufanya kazi bila kusumbuliwa, nusu yake zikiwa za mvua, katika jengo lililo umbali wa kutembea dakika chache kutoka baharini.

Na kwa nini uchafu ule unaua mlio? Uzi unapovutwa hautoi sauti moja bali kundi la sauti: ile ya msingi, na juu yake nyingine zenye kasi mara mbili, mara tatu, mara nne, na kuendelea juu hadi zile nyembamba kabisa zinazofanya gitaa jipya lilie kama lina chembe za kioo ndani yake. Uchafu unaposhika kati ya mizunguko ya waya, humeza nguvu ya mtikisiko, na sauti nyembamba za juu ndizo zinazomezwa kwanza. Tena uchafu hauenei sawasawa. Upande mmoja wa uzi huwa mzito kuliko mwingine, na hapo hata ukilisawazisha gitaa vizuri nyuzi zikiwa wazi, unapobonyeza katikati ya shingo noti hutoka imepotoka kidogo.

Mtu anaweza kusema kwamba besi ni sauti ya chini, na sauti nyembamba za juu inazihitaji za nini? Hili ndilo lililotushangaza zaidi tulipolisoma. Uzi mnene kabisa wa besi, yaani E, hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Amplifaya ndogo kama yetu haiwezi kuitoa vizuri sauti ya chini kiasi hicho, na spika za kanisani zilizonunuliwa kwa ajili ya mahubiri hazina uwezo huo hata kidogo. Lakini sikio la mwanadamu limeumbwa kwa namna ya ajabu: likisikia 82, 123 na 165 pamoja, hutambua lenyewe kwamba mzizi wake ni 41, hata kama 41 yenyewe haikutoka kwenye spika. Maana yake ni kwamba mwimbaji wa sauti ya nne anayesimama nyuma ya kanisa letu anaishika noti ya besi kwa msaada wa zile sauti za juu yake. Zikifa hizo, kinachobaki ni kishindo, naye hana cha kushika. Hata kuongeza sauti ya amplifaya, kama mtu mmoja alivyofanya usiku ule kwa nia njema, huongeza kishindo tu.

Lakini Kibosho je, mbona nyuzi zetu zilidumu mwaka? Tulilifikiria hili kwa siku kadhaa. Kwanza, katika baridi ile ya miteremko ya Kilimanjaro mkono wa frateri hautoki jasho. Mara nyingi tulikuwa tukipulizia vidole ili vikunjuke. Pili, na hili lilitufikia usiku tukiwa kitandani, nyuzi zile hazikuwa za mviringo. Zilikuwa bapa: waya wake wa juu ulikuwa kama utepe, uso wake laini kama kioo, hazina mifereji ya kuhifadhi uchafu. Mlio wake ulikuwa mzito na mtulivu tangu siku ya kwanza, hivyo hapakuwa na mng'ao mwingi wa kupotea. Tulikuwa tumempima kijana wa pwani, mwenye nyuzi za aina nyingine, kwa kipimo cha mlimani.

Tuseme neno hapa kwa ajili ya wale wanaopenda historia, na wasiopenda wavuke aya hii. Fender alipoleta gitaa lake la besi la Precision mwaka 1951 huko Marekani, nyuzi bapa ndizo zilizokuwa za kawaida. Mwaka 1966 John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who ya Uingereza, alishirikiana na kampuni ya Rotosound kutafuta nyuzi za mviringo zenye mlio mkali kama wa piano, na tangu hapo mng'ao ukawa kitu cha kutafutwa, na cha kupotea. Upande mwingine yuko James Jamerson wa studio za Motown mjini Detroit, ambaye watu wengi wameisikia besi yake pasipo kujua jina lake. Yeye alijulikana kwa kupiga nyuzi bapa kuukuu ambazo alikuwa habadilishi mpaka zikatike, na mlio ule uliofubaa ndio alioutaka. Basi mng'ao si sheria. Ni swali la mahali, muziki na chombo kinachopaza sauti. Kwa kanisa letu, kwa amplifaya yetu, na kwa sauti ya nne inayosimama tunapoisimamisha, nyuzi bapa zilizokufa hazingetufaa. Na kwa wazee wetu wawili ambao bado wanatuuliza kama gitaa lina haki ya kuwapo karibu na altare, tunawakumbusha tena namba 120 ya hati ya Sacrosanctum Concilium ya tarehe 4 Desemba 1963, inayokipa kinanda cha mabomba heshima ya kwanza na kuruhusu ala nyingine kwa idhini ya mamlaka halali. Tusiurudie mjadala huo leo.

Turudi parokiani. Fedha za seti mpya hazikuwapo mara moja, na Pasaka ina Dominika nyingi mbele yake. Tukaamua kuzifufua zile zilizokufa. Njia ya kwanza tuliyoelekezwa ni kuzichemsha. Tuliazima sufuria katika jiko la nyumba ya mapadri, tukazikunja nyuzi nne kama kamba ya mvuvi, tukaziacha katika maji yanayochemka kwa dakika kumi. Mama anayetupikia alifunua mfuniko, akatazama, akauliza kwa upole kama leo mapadri wanakula supu ya gitaa. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi. Tulizifuta, tukazianika juani adhuhuri hadi unyevu wote ukatoka, kwani uzi uliochemshwa ukifungwa bado na maji ndani ya mifereji yake utashika kutu haraka kuliko ulivyokuwa. Tukazifunga tena. Mlio ulirudi! Si ule wa dukani, lakini noti zilitambulika, na Dominika ile sauti ya nne haikushuka.

Furaha yetu ilidumu juma moja na kidogo. Dominika ya pili mlio ulianza kupungua, na ya tatu tulikuwa tumerudi kwenye godoro. Tukachemsha mara ya pili. Safari hii, wakati wa kukaza, uzi wa E ukakatika pale pale unapojikunja kuingia kwenye kigingi. Chuma kikikunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja huchoka, na kila mara unapoutoa uzi na kuurudisha unakopa kutoka katika nguvu zake. Kuna pia jambo ambalo hakuna sufuria inayoweza kulitibu: mahali ambapo uzi hubonyezwa juu ya freti, zile fito ndogo za chuma za shingoni, chuma husuguana na chuma, na chini ya uzi huingia vidonda vidogo. Ukipitisha kucha utavisikia. Uzi wenye vidonda umezeeka kweli, na hapo mhazini hana budi kufungua mkoba.

Iko njia iliyo bora kuliko kuchemsha, ambayo mpiga besi wa kigango kimoja alitufundisha. Anachukua kipande cha bomba la plastiki la maji, anaziba mwisho mmoja vizuri, anaziingiza nyuzi, anajaza spiriti, anaziba juu, anaacha usiku kucha. Spiriti huyeyusha mafuta yanayougandisha uchafu, na nyuzi zikitolewa hukauka zenyewe haraka bila kuacha maji ndani. Lakini tunaonya, na onyo hili ni la moyo wetu wote: spiriti hushika moto kwa urahisi, na sakristia ni nyumba ya mishumaa, viberiti na makaa ya chetezo. Kazi hiyo ifanyike nje, mchana, mbali na moto wowote, na bomba lisiachwe mahali ambapo watoto wanaweza kulifikia. Tena spiriti isidondoke juu ya gitaa lenyewe, kwani huondoa rangi na vanishi.

Hata hivyo, kuchemsha na kulowesha ni kama kumpeleka mgonjwa hospitali. Kijana wetu alikuwa na jambo dogo zaidi, ambalo alikuwa akilifanya hata usiku ule tulipomkaripia, nasi hatukuliona: alilifuta gitaa kabla ya kulilaza. Ukombozi wa nyuzi uko katika dakika mbili zinazofuata wimbo wa mwisho. Chukua kitambaa kikavu cha pamba, fulana kuukuu inatosha kabisa, ukibane kila uzi kati ya vidole viwili ndani ya kitambaa, uvute kutoka upande wa daraja hadi mwisho wa shingo, mara tatu au nne. Usifute juu tu. Pitisha kitambaa chini ya nyuzi pia, kwa sababu upande unaotazama shingo hausafishwi na mtu yeyote, na huko ndiko uchafu unakojikusanyia kwa amani. Kabla ya kupiga, nawa kwa sabuni na ukaushe mikono kabisa. Kwa mtu atokaye kwenye karai la mafuta, anawe mara mbili.

Msipake mafuta. Mwanakwaya mmoja, kwa kuhofia kutu, aliwahi kuzipaka nyuzi mafuta ya cherehani. Kutu haikuja, mng'ao nao ukaondoka siku ile ile, kwa sababu mafuta katika mifereji hufanya kazi ile ile ya uchafu na tena hukaribisha vumbi. Msilegeze nyuzi kila baada ya Misa kwa kusema mnalipumzisha gitaa. Halijachoka, na kukaza na kulegeza kila juma ndiko kunakoukata uzi. Unapofunga uzi mpya, uache urefu wa kutosha kuzunguka kigingi mara mbili au tatu, na uukunje kwanza ndipo ukate ncha, usije ukakata na waya wa juu ukaachana na kiini chake. Uzi wa namna hiyo huzaliwa umekufa. Ndani ya boksi tumeweka vile vifuko vidogo vya chembe za kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na boksi lenyewe tumeliondoa karibu na dirisha la upande wa baharini. Na kwa wazazi: gitaa si kengele. Kila mtoto anayevuta uzi mmoja akipita baada ya Misa anaacha jasho lake pale.

Wenye uwezo kidogo zaidi wanaweza kununua nyuzi zilizofunikwa. Kampuni ya W. L. Gore ya Marekani, ile ile inayojulikana kwa kitambaa cha Gore-Tex, hutengeneza nyuzi za Elixir zenye ngozi nyembamba sana ya plastiki inayozuia uchafu usiingie katika mifereji. Bei yake ni kubwa, na wapo wanaosema mlio wake wa siku ya kwanza una mng'ao pungufu kidogo. Kwa mpigaji mwenye jasho kali huenda hesabu ikamwelekea vizuri mwisho wa mwaka. Sisi bado hatujathubutu kumwambia mhazini.

Kijana alirudi Jumatano moja ya Mei, bila kutangaza, akakaa mahali pake. Kabla ya Pentekoste, tarehe 28 Mei 2023, tulimpa seti mpya ya nyuzi za mviringo, iliyolipwa kwa fedha zetu wenyewe, kama malipizi. Seti ya nyuma yake ilikuwa imefubaa katika muda usiozidi miezi miwili. Hii, kwa kufutwa kila mara na kuloweshwa mara moja tu mwezi Septemba, ilitufikisha hadi sherehe ya Kristo Mfalme, tarehe 26 Novemba, noti zikiwa bado zinasikika hadi kwenye benchi la mwisho. Seti mpya ilifungwa kwa ajili ya Noeli, na ya zamani ikahifadhiwa kwenye mfuko mkavu kama akiba ya siku uzi utakapokatika.

Kwaresima besi bado inanyamaza parokiani kwetu. Katika hilo hatujabadilika. Lakini kila Jumamosi jioni sakristani hulifungua boksi, na kijana hupita akitoka kibandani, ananawa mara mbili, anafuta nyuzi nne juu na chini, anafunga. Kitambaa chake kilikuwa kikitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa sakristia, hadi masista wanaotufulia walipokichukua kimakosa pamoja na vitambaa vya altare. Kilirudi kimetiwa wanga, kimepigwa pasi na kukunjwa mara tatu, kigumu kama kadi, hakinyonyi hata tone. Dominika iliyofuata alikuja na fulana nyingine.